Sabuni na maji, kitakasa mikono au ndoo ya klorini: nini kikae wapi katika zahanati na wodi

Kikao cha manunuzi ya kituo kikifika kwenye mstari wa usafi wa mikono, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Afisa afya anataka sinki zaidi. Mfamasia anataka vitakasa mikono, maana vinaingia kwenye orodha yake. Mwenyekiti wa kamati, ambaye tangu wakati wa Korona amezoea kuona ndoo getini, anataka ndoo nyingine kubwa zaidi, pale pale getini. Fedha ni zile zile, na mara nyingi huishia getini.

Ulinganisho huu ni kwa wanaokaa kwenye vikao hivyo: waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, wakunga, wafamasia, na wajumbe wa kamati ambao hawakusomea afya lakini ndio wanaopitisha bajeti. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kabla ya kuuliza ni kipi kinaua vimelea vingi zaidi, uliza ni kipi kitakuwa karibu na mkono wakati mkono unakwenda kwa mgonjwa. Ukianzia hapo, ndoo ya getini inashuka hadi mkiani mwa orodha.

Mkono unatakiwa kusafishwa lini

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unataja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kuweka kanula (kimrija cha dripu mshipani) au kusafisha kidonda, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka hata kama yeye mwenyewe hukumgusa, kwa mfano shuka, reli ya kitanda, stendi ya dripu. Zipitie tena moja moja. Zote tano zinatokea kitandani au hatua mbili kutoka kitandani. Getini hakuna hata moja.

Nyakati hizo zikipuuzwa, anayelipa ni mgonjwa. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kati ya 2002 na 2009 na kuwahesabu peke yao waliopata maambukizi ya damu wakiwa tayari wodini. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikufa. Kwa waliokuja na maambukizi ya damu kutoka nyumbani, vifo vilikuwa karibu robo. Klebsiella ilikuwa miongoni mwa bakteria walioongoza, na yeyote aliyefanya kazi katika wodi ya watoto wachanga anaijua: hupita kwenye mikono, kwenye mirija, na kwenye dawa iliyochanganywa mezani na mtu aliyetoka kumbadilisha mtoto mwingine nepi. Duniani kwa jumla, ripoti ya WHO ya 2022 inasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa kwenye hospitali za magonjwa ya dharura na upasuaji, 15 hupata angalau maambukizi mamoja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7.

Sabuni dhidi ya kitakasa: hesabu ya wodi moja

Chukua wodi ya wagonjwa 20. Tuseme kila mgonjwa anaguswa mara 6 kwa siku: dawa, joto la mwili, dripu, kidonda, daktari wa raundi. Kila mguso una kabla na baada, kwa hiyo mikono inatakiwa kusafishwa mara 12 kwa mgonjwa mmoja, mara 240 kwa wodi nzima.

Kunawa kwa sabuni na maji, kuanzia kulowesha hadi kukausha, ni sekunde 40 hadi 60. Mara 240, kila moja dakika moja, ni saa 4 za kazi kwa siku, na hapo sijahesabu mwendo wa kwenda kwenye sinki na kurudi. Ukitumia lita moja tu ya maji kwa kila kunawa (koki iliyo wazi hutumia zaidi), umemaliza lita 240, yaani ndoo 12 za lita 20. Kituo kinachonunua maji ya boza kitaelewa haraka.

Kitakasa mikono kinahitaji sekunde 20 hadi 30, na unaweza kusugua viganja huku ukitembea kutoka kitanda hiki hadi kile. Mara 240 hazizidi saa 2, hakuna mwendo, hakuna tone la maji. Kiganja kimoja cha kujaa vizuri ni mililita 3 hivi, kwa hiyo wodi nzima inatumia mililita 720 kwa siku, kama lita 22 kwa mwezi. Kwa kupima kama kituo kinatumia kweli au kinaonyesha tu chupa, WHO hutumia kiwango cha chini cha lita 20 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Wodi yetu ina siku 600 za kulazwa kwa mwezi (wagonjwa 20 mara siku 30), kwa hiyo chini kabisa ni lita 12. Kama wodi ya vitanda 20 inaagiza chupa mbili za nusu lita kwa mwezi na zinatosha, basi hakuna anayesafisha mikono. Chupa ni pambo.

Hesabu hii ndiyo iliyobadilisha mambo Geneva. Kuanzia 1994 hadi 1997, timu ya Didier Pittet katika hospitali ya chuo kikuu ilipeleka chupa za alkoholi hadi kando ya vitanda na hata mifukoni mwa wauguzi, pamoja na mabango na kurudisha matokeo kwa wafanyakazi wenyewe. Usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Hospitali ilikuwa ileile. Kilichosogea ni chupa.

Mtu ataniambia Uswisi si kwetu, naye ana haki. Basi twende Bamako, Mali, hospitali ya Point G, ambako kitakasa kilitengenezwa hapo hapo nchini. Usafi wa mikono ulitoka asilimia 8 ukafika 21.8. Hiyo bado ni chini, na sitaipamba. Lakini ni karibu mara tatu, mahali ambapo kungoja sinki kila kitanda kungekuwa kungoja miaka.

Mahali ambapo kitakasa kinashindwa

Sasa upande wa pili, maana wauzaji wa chupa hawausemi. Alkoholi haisafishi. Inaua vimelea, lakini haiondoi uchafu. Mkono uliopakwa damu, usaha, kinyesi, matapishi, au hata tope la barabarani, ukiumiminia kitakasa umepata mchanganyiko wa uchafu na spiriti, na vimelea vilivyojificha ndani ya uchafu vinabaki. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, bila mjadala.

Pili, kuna vimelea ambavyo alkoholi haiviwezi vizuri. Mbegu za bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayesababisha kuhara kwa wagonjwa waliotumia antibiotiki nyingi, haziuawi na alkoholi kabisa. Zinaondolewa kwa kusugua na kusuuza. Virusi visivyo na utando wa mafuta, kama norovirusi, navyo ni sugu zaidi. Kwa hiyo wodi ya kuhara, kambi ya kipindupindu, vyoo na jiko: sabuni kwanza.

Chumba cha kujifungulia kiko katikati, na ndicho kinachowachanganya wengi. Mkunga anahitaji vyote viwili: sinki au ndoo ya koki mlangoni kwa mikono yenye damu, na chupa mezani kwa ule wakati kabla ya kupima njia ya uzazi, ambapo mikono haina uchafu unaoonekana na mama hawezi kusubiri.

Kuhusu ngozi, imani iliyoenea ni kwamba spiriti inababua mikono kuliko sabuni. Mara nyingi ni kinyume. Kitakasa chenye gliserini hukausha ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni mara 40 kwa zamu. Kinachowasha ni kupaka alkoholi kwenye ngozi ambayo tayari imechanika kwa sabuni kali. Kwa sababu hiyo hiyo usinawe halafu ukapaka kitakasa papo hapo, kama wafanyavyo wengine kwa kudhani wanaongeza ulinzi. Chagua kimoja kwa kila tukio.

Ndoo ya klorini

Klorini ina heshima yake ya kihistoria. Vienna, mwaka 1847, Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwapima wazazi. Aliichagua kwa sababu sabuni haikuondoa harufu ya chumba cha maiti. Aprili mwaka huo, zaidi ya akina mama 18 kati ya 100 walikufa katika kliniki yake. Juni, baada ya amri kuanza, walikuwa kama 2.

Hata hivyo, historia hiyo haiiweki klorini mbele leo. Ni dawa inayokufa upesi: jua, joto na uchafu vinaila, na maji yaliyochanganywa asubuhi hayafai kesho yake. Ina harufu kali, inababua ngozi, inaozesha koki za chuma. Tena inadanganya, kwa sababu ndoo iliyokwisha nguvu inafanana kabisa na ndoo mpya.

Ina nafasi yake mlipuko ukitokea na sabuni na alkoholi hazipo au hazitoshi. Mwaka 2023, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, Tanzania, watu 9 waliugua na 6 wakafa, mhudumu wa afya akiwamo. Katika siku kama hizo huchagui sana. Kiwango cha mikono ni asilimia 0.05, cha sakafu, meza na madoa ya damu ni 0.5. Mara kumi ya nguvu, ndoo zinafanana, na hapo ndipo watu huungua mikono au, kinyume chake, husafisha damu kwa maji dhaifu. Weka ndoo za rangi mbili na maandishi makubwa.

Ukitumia dawa ya madoa ya dukani, soma chupa kwanza. Kama imeandikwa klorini asilimia 3.5, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 6 za maji inakupa 0.5. Kisha chukua sehemu moja ya maji hayo ya 0.5, ongeza sehemu 9 za maji safi, umepata 0.05 ya mikono. Njia hii ya hatua mbili ni salama kuliko kukisia kijiko kimoja kwenye ndoo kubwa. Ukiwa na chembechembe za klorini za asilimia 70, gramu 7 kwa lita 10 ndiyo ya mikono.

Kwa anayetaka kuviona vitatu kwa jicho moja:

| | Sabuni na maji | Kitakasa cha alkoholi | Maji ya klorini 0.05% |
|---|---|---|---|
| Muda | Sekunde 40–60, ongeza mwendo | Sekunde 20–30, palepale | Kama kunawa |
| Damu, usaha, kinyesi mkononi | Hii ndiyo | Haifai | Uchafu unakula dawa |
| Wodi ya kuhara, choo | Chaguo la kwanza | La pili | Dharura tu |
| Kando ya kitanda | Ni nadra kuwezekana | Hii ndiyo | Hapana |
| Ngozi | Hukausha ikirudiwa mno | Afadhali, ikiwa na gliserini | Hubabua |
| Kinachoikwamisha | Maji kukatika, mfereji kuziba | Chupa kuisha, hatari ya moto | Nguvu hupotea kila siku |

Kununua kitakasa au kukitengeneza

Hapa ndipo penye fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tangu 2015 kitakasa mikono cha alkoholi kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na fomula yake iko wazi kwa kila mtu. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotoneshwa, hadi kufika alama ya lita 10. Asiyepata ethanoli anaweza kutumia isopropanoli ya asilimia 99.8, mililita 7,515, mengine yakibaki kama yalivyo. Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizomo kwenye chombo na kwenye malighafi. Ndiyo maana chupa zikishajazwa huwekwa kando saa 72 kabla ya kwenda wodini.

Gliserini inanata. Suuza kipimio chake kwa maji yale yale ya mwisho, la sivyo nusu yake inabaki kwenye kipimio na wauguzi wataanza kulalamika kwamba kitakasa cha kituo kinawasha. Mfuniko urudishwe mara moja, maana alkoholi hupaa. Na kabla ya kugawa chupa, pima kwa kipima alkoholi cha kuelea: kwa ethanoli, usomaji uwe kati ya asilimia 75 na 85.

Lita 10 kwa wodi yetu ya vitanda 20 ni matumizi ya wiki mbili hivi. Hospitali ya wilaya yenye mfamasia, stoo yenye hewa na njia ya uhakika ya kupata ethanoli itafaidika kutengeneza, na WHO inashauri mahali pasipo na mitambo maalumu ya hewa pasizidishe lita 50 kwa mara moja. Zahanati yenye muuguzi mmoja na mhudumu mmoja isijisumbue: inunue, au ichukue kutoka hospitali ya wilaya. Kazi ya kupima, kuandika namba za toleo na kulinda pipa la alkoholi inataka mtu mmoja kamili, na zaidi.

Moto usichukuliwe kirahisi. Kitakasa cha ethanoli cha asilimia 80 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzijoto 17.5. Dar es Salaam au Mombasa, joto huwa juu ya hapo karibu wakati wote. Stoo isiwe karibu na jiko la mkaa wala jiko la kuchemshia vyombo, na mtu asishike kiberiti kabla mikono haijakauka kabisa.

Ukinunua, geuza chupa usome. Unatafuta jina la alkoholi na asilimia yake, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na alama ya mamlaka inayohusika. Chini ya asilimia 60 nguvu inapungua sana. Ajabu ni kwamba spiriti tupu ya asilimia 99 nayo si bora, kwa sababu alkoholi inahitaji maji kidogo ili iharibu protini za kimelea. Chupa isiyotaja asilimia, hata iwe na harufu nzuri ya ndimu kiasi gani, iache dukani. Pombe kali za baa ni asilimia 35 hadi 40, hazitoshi. Spiriti ya viwandani au ya kuwashia, ambayo huweza kuwa na methanoli, ni sumu. Isiguse mikono ya mtu anayeshika watoto.

Jeli au maji? Jeli haidondoki sakafuni na watu wanaipenda, lakini ukipaka mara nyingi inaacha utando unaonata, na huchelewa kukauka. Cha majimaji hukauka haraka na huingia kwenye kucha. Kwa wodi yenye kazi nyingi nachagua cha majimaji. Kwa meza ya mapokezi, jeli haina ubaya.

Pwani na visiwani swali la alkoholi na dini huulizwa, na ni vema lijibiwe kwa heshima kabla chupa hazijafika. Januari 2002, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka na kuruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kuua vijidudu. Hospitali za Saudi Arabia zenyewe hutumia vitakasa hivi. Mweleze mfanyakazi kwa utulivu, na kama bado moyo wake unasita, mpe nafasi karibu na sinki badala ya kumgombeza.

Upande wa sabuni: koki, ndoo au kibuyu chirizi

Sabuni ya kawaida inatosha. Sabuni ya dawa, yenye bei yake, haiongezi kitu kwa kunawa kwa kawaida wodini. Mche wa sabuni uliokatwa vipande vidogo ni chaguo halali na rahisi, mradi vikae juu ya kisahani chenye matundu. Kipande kinachoelea kwenye maji ya kijivu ni makazi ya bakteria. Sabuni ya maji inaonekana ya kisasa zaidi, ila ina tabia moja mbaya inayotokana na sisi wenyewe: chupa ikibaki robo, tunajazia juu. Baada ya miezi kadhaa chini ya ile chupa kuna kizazi cha vimelea kinachokula kwa amani. Chupa iishe, ioshwe, ikauke, ndipo ijazwe. Kama kituo hakiwezi kusimamia hilo, mche ni salama zaidi.

Sinki lenye maji ya bomba ndilo bora, na likiwa na koki ya kiwiko ni zuri zaidi. Pale ambapo bomba hukatika siku tatu kwa wiki, ndoo ya koki yenye mfuniko, juu ya meza, na ndoo nyingine ya kupokea maji machafu chini yake, ni nzuri kabisa na hugharimu sehemu ndogo ya fedha za sinki. Tofauti ni kazi: kuna mtu lazima aijaze, aioshe na kuikausha, na jina lake liandikwe. Kibuyu chirizi, kile kigaloni kinachovutwa kwa kamba na mguu, kinafaa sana nje ya vyoo na kwenye mahema ya chanjo, kwa kuwa mkono haugusi chochote isipokuwa sabuni. Ndani ya chumba cha matibabu kinaisha maji haraka mno. Kilicho kibaya kuliko vyote ni beseni la pamoja, watu watano wakichovya mikono humo humo. Afadhali kusiwe na kitu, maana beseni humpa mtu hakika ambayo hana.

Kukausha kumesahauliwa karibu kila mahali. Mkono uliolowa hubeba na kuachia vimelea kwa urahisi kuliko mkavu, na taulo moja lililotundikwa karibu na sinki tangu Jumatatu linarudisha kila kitu ulichoosha. Karatasi za kutumia mara moja ni bora ila ni ghali. Vitambaa vidogo, kimoja kwa kila kunawa, vikusanywe kwenye ndoo na kufuliwa kila siku, vinafanya kazi ileile. Kama hakuna kimoja wala kingine, mikono ikaushwe kwa hewa. Ila usiifute kwenye koti jeupe.

Glovu hazimo kwenye mashindano haya

Watu huzitaja kama chaguo la nne. Si chaguo. Zanzibar, watafiti waliwatazama wakunga katika vyumba vya kujifungulia na kuhesabu nyakati 781 za kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu. Mikono ilisafishwa katika karibu robo tu. Ukiwaondoa waliovaa glovu kisha wakazichafua tena kwa kugusa pazia, kitanda au kalamu kabla hawajamfikia mama, waliofika na glovu safi kweli hawakufika moja ya kumi. Glovu zenyewe zilikuwepo. Bajeti inayoongeza maboksi ya glovu huku ikipunguza sabuni inanunua usalama wa mhudumu, na wenyewe nusu nusu, kwa kuwa glovu zina vitundu visivyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Mikono isafishwe kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua. Kuzipaka kitakasa ili zitumike kwa mgonjwa wa pili, hapana.

Ningenunua nini

Zahanati isiyo na bomba: ndoo mbili za koki, moja chumba cha kujifungulia na moja chumba cha sindano na vidonda, kibuyu chirizi chooni, mche wa sabuni, chupa ndogo ya kitakasa ya mfukoni kwa kila mtoa huduma. Chupa ya mililita 100 ni mipako 33 hivi, kwa hiyo asubuhi yenye kliniki ya mama na mtoto itaimaliza, na lazima kuwe na galoni la kujazia. Klorini ya kusafishia sakafu na vyombo, si ya mikono.

Kituo cha afya chenye wodi: kabla ya kuongeza sinki la tatu, tengeneza yale mawili yaliyoziba. Fedha zinazobaki ziende kwenye vishikio vya chupa, kimoja kila kitanda au kila vitanda viwili, na lita za kutosha kwa hesabu niliyoitoa juu. Wodi ya watoto wachanga ihudumiwe kwanza, hata kama wodi nyingine zitasubiri robo mwaka. Chumba cha upasuaji kina utaratibu wake mrefu wa kusugua hadi viwiko na kisipangiwe kwa kanuni za wodi.

Wodi yenye wagonjwa wa akili au watoto wanaotembea: chupa za ukutani zisiwekwe, wauguzi wabebe mifukoni. Kitakasa hunyweka, na kikinywewa kinaweza kuua.

Usiwasahau ndugu. Kwetu ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha uji, anayemwaga kinyesi chake, kisha anamsaidia mgonjwa wa kitanda cha pili kwa wema tu. Kwake sabuni na ndoo karibu na vyoo vya wodi vina thamani kuliko mabango. Kama ndoo ya getini imeshanunuliwa, hapo ndipo pa kuihamishia.

Kuhusu ufuatiliaji, mimi hupenda njia isiyo na fomu nyingi. Muuguzi mfawidhi aandike tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kila chupa inapowekwa, na Ijumaa mchana azunguke kabla ya stoo kufungwa, maana chupa zinazoisha Jumamosi hukaa tupu hadi Jumatatu. Chupa iliyoisha mapema ijazwe na galoni liongezwe kwenye oda. Chupa ya kitanda namba 7 ikiwa imekaa wiki mbili bila kushuka, usiirudishe stoo. Simama hapo kitandani, nyoosha mkono kama mtu anayefunga dripu, uone kama inafikika.